Siku Kumi na Tisa Kajaga

Msafiri anapofunga mzigo wake hufunga pamoja nao picha ya mambo anayotazamia kuyaona. Sajini mmoja mstaafu wa polisi, mkazi wa Kigoma, alipoondoka nyumbani na mkewe siku ya Alhamisi, tarehe 23 Aprili 2015, alikuwa na picha tatu kichwani: viboko wa mto Rusizi, ngoma za Warundi, na samaki wa mukeke aliyechomwa juu ya makaa kando ya ziwa. Picha ya barabara iliyozibwa kwa mawe na matairi yanayowaka hakuwa nayo. Mambo ya namna hiyo alidhani ameyaacha bohari siku alipokabidhi sare.

Dada yake aliolewa Bujumbura zamani. Alikaa kwanza Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambako mtu wa Ujiji hawi mgeni hata siku moja, na baadaye mumewe, mfanyabiashara wa ndagala, akajenga Kajaga. Mahali hapo pako nje kidogo ya jiji upande wa magharibi, kando ya barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Pana nyumba mpya za wenye uwezo, vibanda vya wavuvi, hoteli za pwani na mchanga mweupe ambao watu wa mjini huujia kila Jumapili kuogelea na kula. Ng'ambo ya maji husimama milima ya Uvira, na jua linapotua nyuma yake ziwa lote hugeuka rangi ya shaba. Ndugu wa Kigoma hakuhitaji kufundishwa uzuri wa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400 na linalogusa nchi nne. Lakini alikiri kwamba kwa upande huo wa kaskazini alikuwa hajaliona.

Safari yenyewe ilikuwa nyepesi. Walipanda basi hadi Manyovu, wakavuka mpaka Mugina, wakateremka mpaka Nyanza-Lac, kisha wakaifuata barabara ya ziwani kupitia Rumonge. Lugha haikuwasumbua, kwani Kiha na Kirundi ni mtu na nduguye. Karibu na jiji, pale Mugere, waliomba gari lisimame ili walitazame jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Kijana mmoja aliyejifanya kiongozi wa wageni akawaeleza kwamba hapo ndipo Wazungu hao wawili walipokutana. Mzee hakuweza kuvumilia. Alimwambia kwa upole kwamba walikutana Ujiji, chini ya mwembe, na kwamba Mugere walilala tu wakiwa matembezini. Kijana alicheka, akapokea noti yake, na bila shaka akaendelea kuwaeleza wageni wengine vilevile.

Siku mbili za kwanza zilikwenda kama zilivyopangwa. Mukeke ulichomwa, ukaliwa kwa ndizi na pilipili. Jumatatu walikuwa waende Gishora, karibu na Gitega, kuziona ngoma za kifalme, ambazo mwaka 2014 ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa binadamu. Hawakwenda. Jumamosi, tarehe 25 Aprili, chama kilichokuwa kikitawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kuwa mgombea wake kwa mara nyingine, na asubuhi ya Jumapili vijana wakaingia barabarani.

Mgogoro wenyewe si mgeni kwa Watanzania, maana mzizi wake ulipandwa Arusha. Mapatano ya Arusha, yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere mpaka alipofariki mwaka 1999, na baada yake na Nelson Mandela, yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 ili kukomesha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua maelfu kwa maelfu. Yalisema kwamba hakuna Rais atakayetawala zaidi ya vipindi viwili. Rais Nkurunziza alichaguliwa na Bunge mwaka 2005, na na wananchi mwaka 2010. Waliomuunga mkono walisema kipindi cha kwanza hakihesabiki kwa kuwa hakikutokana na kura ya wananchi wote. Waliompinga walisema kipindi ni kipindi. Tarehe 5 Mei Mahakama ya Katiba ilikubaliana na upande wa Rais, muda mfupi baada ya makamu wa rais wa mahakama hiyo kuikimbia nchi. Hukumu hiyo haikumtoa mtu yeyote barabarani.

Huko Kajaga hakukuwa na vurugu, na hilo ndilo lililomtesa mzee. Mtu akiwa vitani hujua la kufanya, na akiwa nyumbani kwa amani hujua pia. Lakini kukaa kivulini penye upepo wa ziwa, ukinywa chai, huku ukiona moshi mweusi ukipanda juu ya mitaa ya Cibitoke, Ngagara na Nyakabiga, ni hali isiyo na kanuni. Hoteli za pwani zilibaki wazi siku za kwanza, viti vikiwa vimepangwa, watumishi wakiwa wamevaa mashati meupe, wakingoja wageni ambao hawakuja. Usiku wavuvi wa ndagala walitoka na taa zao kama kawaida, na ziwa likameta kama mji mwingine, tena mji wenye utulivu kuliko ule uliokuwa nyuma yao.

Kazi ya nyumba haikungoja siasa. Dada wa mzee na wifi yake waligawana shughuli bila mkutano wowote. Mmoja alihesabu unga, mchele, chumvi, sabuni na mkaa. Mwingine akaenda kwa wavuvi alfajiri kununua ndagala mbichi na kuwaanika juani, kwa kuwa dagaa mkavu hahitaji umeme wala soko. Sukari ilifichwa juu ya kabati mahali ambapo watoto hawafiki. Mke wa mzee, aliyelea watoto sita katika nyumba za polisi na aliyezoea mume kuitwa usiku wa manane, ndiye aliyesema kwamba kila mtu alale na hati zake karibu na viatu vyake. Wenyeji walicheka, lakini usiku huo walifanya hivyo.

Habari zilikuwa adimu kuliko sukari. Redio ya binafsi ya RPA ilifungwa tarehe 27 Aprili, na siku chache tu baadaye mitandao ya simu ambayo vijana waliitumia kuitana ikazibwa. Simu za kawaida zililia, lakini mpwa wa mzee, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyesoma Chuo Kikuu cha Burundi na kupanga chumba Nyakabiga, hakupokea. Chuo kilifungwa tarehe 30 Aprili. Wenzake wengi walihamia nje ya ukuta wa Ubalozi wa Marekani wakidhani huko watasalimika. Mama yake aliacha kula chakula cha usiku.

Siku za Jumamosi na Jumapili, tarehe 2 na 3 Mei, waandamanaji walitangaza mapumziko ili watu wazike wafu wao na kununua chakula. Shemeji, ambaye aliona haya kwamba wageni wake wamekuja kutazama moshi, aliwachukua mpaka mbuga ya Rusizi, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani. Viboko walikuwapo, wazito na wavivu, masikio tu juu ya maji. Mwenyeji mmoja aliwasimulia habari za mamba mkubwa aliyepewa jina la Gustave, ambaye kwa miaka mingi alisemekana kula watu pande hizo na ambaye hata mtego mkubwa wa chuma uliotengenezwa kwa ajili yake haukumpata. Kwa kawaida mzee angeuliza maswali mia. Siku hiyo alitikisa kichwa tu. Mkewe ndiye aliyegundua kwamba badala ya kutazama viboko alikuwa akiwatazama askari wawili waliokaa chini ya mti kwenye kizuizi cha barabara, vifungo vya shati vikiwa wazi, mmoja akiwa amesinzia ameukumbatia mtutu.

“Hao hawajalala siku ngapi?” aliuliza mzee.

“Wewe uko likizo,” mkewe alimjibu.

Jumatatu risasi zilisikika tena, na watu kadhaa wakafa. Jumatano, tarehe 6 Mei, dada yake alimjia asubuhi akiwa na kitenge begani. “Kaka,” alisema, “mimi sikukuita Kajaga kwa jambo hili. Lakini mtoto ni wa tumbo langu, na wewe ndiye mjomba wake.” Mbele ya maneno hayo, mjomba wa Kiha hana njia ya kupita pembeni.

Teksi ilimfikisha mwanzo wa mji. Kutoka hapo alitembea kwa miguu. Mlangoni mwa Nyakabiga barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe, mti uliokatwa na matairi. Vijana wapatao ishirini, wengine wakiwa wamejifunga vitambaa usoni, walimtaka aonyeshe karatasi zake. Alifungua pochi akatoa pasipoti, na hapo likatokea kosa ambalo msafiri yeyote angeweza kulifanya: pamoja na pasipoti kilichomoka kitambulisho chake cha zamani, chenye picha ya kijana mwenye kofia ya polisi. Mmoja alikiokota. Neno “polisi” likapita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na mduara ukakaza.

Mzee hakupandisha sauti. Aliwaambia kwa Kiha kwamba ni kweli alikuwa polisi, lakini Tanzania, na amestaafu; kwamba kwao ni Kigoma; kwamba anamtafuta mtoto wa dada yake, na ana njaa. Lafudhi yake ndiyo iliyomwokoa. Kijana mmoja alicheka, wa pili akamwiga, na wa tatu akatumwa kumwita mpwa.

Mpwa alikuja mbio, macho mekundu, shati limechanika. “Shikamoo, mjomba. Umekuja kufanya nini huku?”

“Marahaba. Mama yako hali.”

Hawakupata nafasi ya kusema zaidi. Mwisho wa barabara lilitokea lori la polisi wenye sare za buluu, na mabomu ya machozi yakaanza kuruka. Mzee alimvuta kijana nyuma ya ukuta, akamkataza kujisugua macho. Kisha akafanya jambo ambalo wengine pale hawakuwa na ujuzi wa kulifanya: aliwatazama polisi kwa jicho la polisi. Aliona kwamba hawakuwa na ngao za kutosha. Aliona midomo iliyokauka, ishara ya watu ambao hawajaletewa maji. Aliona vidole viwili au vitatu vimekwisha kuingia penye kifyatulio, na mkuu wao amesimama upande usiofaa, ambako asingeweza kuviona. Katika maisha yake ya Kikosi cha Kutuliza Ghasia aliwahi kusimama katika mstari wa namna hiyo, mwaka mmoja ambao hata mkewe hajasimuliwa habari zake zote. Alijua zilibaki dakika ngapi.

Hapo ndipo wanajeshi walipotokea njia ya pembeni, hawazidi kumi na watano, wakatembea polepole mpaka katikati ya pande mbili. Mbele yao alikuwa ofisa kijana asiye na kofia ya chuma, bunduki yake ikining'inia mgongoni, mtutu chini. Aliinua mkono mmoja kuwaelekea polisi na mwingine kuwaelekea vijana, kama mtu anayezuia milango miwili isigongane. Akazungumza na vijana kwanza. Kisha akamwendea mkuu wa polisi, akasema naye kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu. Polisi wakarudi nyuma hatua kama hamsini. Vijana wakashangilia, mmoja akamletea ofisa chupa ya maji. Hakuinywa, bali aliipeleka kwa askari polisi aliyekuwa karibu naye.

Jambo hilo halikutokea Nyakabiga peke yake. Katika wiki hizo za kwanza, mtaa baada ya mtaa, wanajeshi walijipanga kati ya polisi na waandamanaji, na watu wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Kwa nini vijana waliokuwa wakiwarushia polisi mawe waliwasikiliza wenye silaha kubwa zaidi? Sababu moja ni kwamba jeshi lilikuwa halijawapiga. Nyingine ni ya ndani zaidi. Jeshi jipya la Burundi lilijengwa juu ya Mapatano ya Arusha kwa kuwaunganisha askari wa jeshi la zamani na wapiganaji wa makundi ya msituni, na katiba ya mwaka 2005 ikaweka sharti kwamba kabila moja lisizidi nusu ya nafasi. Watu waliowahi kuwindana walilala katika bweni moja, wakala katika sufuria moja, na kuanzia mwaka 2007 wakazikana Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika. Kila mama wa Nyakabiga alijua kwamba katika mstari ule kuna mtoto wa upande wake. Imani ya namna hiyo haitolewi kwa amri ya siku moja, na haihifadhiki ghalani.

Ni haki kusema pia kwamba polisi nao waliumia. Tarehe 1 Mei polisi wawili walikufa kwa maguruneti. Tarehe 12 Mei, huko Buterere, polisi mwanamke aliyetuhumiwa kumpiga mwandamanaji risasi alishambuliwa na umati mpaka damu ikamtapakaa mwili mzima, na picha yake ikazunguka dunia. Naye ni mtoto wa mtu.

Mpwa alikataa kurudi Kajaga. Mzee hakumshika mkono, kwa sababu kijana wa umri huo hafungwi kamba. Walipatana kwamba atampigia mama yake simu kila jioni saa moja, na kwamba jua likizama hatakuwa kizuizini, maana gizani hakuna anayemtambua mwenziwe. Mzee alimpa fedha zote alizokuwa nazo isipokuwa nauli. Alipofika Kajaga, dada yake alimpigia magoti kumshukuru. Mkewe alimwuliza kile kitambulisho kilikuwa kinafanya nini katika pochi. Swali hilo hakulijibu. Jioni saa moja simu ililia, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi watu wote wa nyumba ile walikula pamoja.

Jumapili, tarehe 10 Mei, zilikuja habari kwamba kundi la wanawake limefika kwa miguu mpaka Uwanja wa Uhuru katikati ya jiji, mahali ambapo vijana walikuwa wakizuiwa tangu siku ya kwanza. Dada wa mzee alisikiliza, akasema tu kwamba angejua angekwenda. Siku iliyofuata, kabla ya mapambazuko, wageni waliaga. Dereva alichagua saa kumi na moja alfajiri ili kupita Kanyosha wakati matairi ya usiku yamezima na ya asubuhi hayajawashwa. Mugere walipita bila kusimama.

Walikuwa Kigoma siku mbili tu redio iliposema kwamba, Rais Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare ametangaza kumwondoa madarakani. Hiyo ilikuwa tarehe 13 Mei. Tarehe 15 jaribio lilikuwa limeshindwa. Redio za binafsi zilikuwa zimechomwa na kubomolewa. Na jeshi lililosimama katikati ya watu lilikuwa limepigana lenyewe kwa lenyewe katika mitaa ya jiji. Hakuna aliyerudi tena kusimama katikati kama mwanzo. Mwezi Desemba mwaka huo kambi za jeshi zilishambuliwa, na kwa hesabu ya Serikali pekee watu 87 walikufa katika tukio hilo.

Warundi walikimbilia kusini. Zaidi ya elfu hamsini walijaa Kagunga, kijiji cha wavuvi chini ya mlima mkali, ambako gari halikuweza kufika. Kipindupindu kikaingia, wakafa watu wapatao thelathini. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na yenye nafasi ya abiria 600, ilitia nanga mbali na ufuko, mitumbwi ikawapeleka watu kwake, na meli ikawaleta Kigoma, safari baada ya safari. Kutoka bandarini walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha kwa mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu.

Mzee na mkewe walikwenda uwanjani kila siku. Mke alibeba uji katika chombo cha plastiki na nguo za watoto. Mume alitembea kati ya mistari akitazama nyuso. Siku ya sita walimwona mpwa wao, ameketi karibu na goli, amekonda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Wazazi wake walikuwa wazima, wamebaki Kajaga. Alikunywa vikombe vitatu vya uji bila kusema.

Mzee alingoja mpaka alipoweka kikombe chini. Kisha akamwuliza kama anamkumbuka ofisa wa Nyakabiga, yule asiye na kofia.

“Namkumbuka, mjomba.”

“Yuko upande gani?”

Kijana alitazama watu waliojaa uwanjani, akavaa kile kiatu cha pili. “Tuliulizana sana njiani,” alisema. “Hakuna aliyemwona tena.”